Helmeti ya kazi ya miti: inapokuuma, inakueleza nini

Pita wanapopogoa miti ya barabarani saa saba mchana, uangalie helmeti ziko wapi. Moja inaning'inia kiunoni, nyingine imefunikwa juu ya dumu la petroli, na ya tatu iko kichwani ila imesukumwa nyuma mpaka paji lote la uso liko wazi. Msimamizi atakwambia vijana ni wakaidi. Muulize aliyeivua mwenyewe, atashika panja: inabana hapa. Au atashika utosi. Au shingo. Jibu hilo lina maana kuliko anavyodhani, kwa sababu helmeti haiumi hovyo. Kila mahali inapouma pana chanzo chake, na vyanzo vingi vinarekebishika kabla hujatoa hela ya kununua nyingine.

Kichwa kina umbo, si ukubwa tu

Helmeti nyingi za kupandia huuzwa kwa mzunguko wa kichwa, na kipimo utakachokikuta mara kwa mara ni sentimita 53 hadi 63. Chukua futikamba ya fundi cherehani, izungushe kiasi cha sentimita 2 juu ya nyusi, ipite juu ya masikio na pale kisogo kilipochomoza zaidi. Ukipata 57 au 58, una nafasi ya kukaza na kulegeza. Ukipata 62, helmeti inayoishia 63 itakuingia vizuri dukani, lakini ongeza kitambaa cha jasho na gurudumu la kukazia litakuwa limefika mwisho wake. Hapo tafuta chapa inayotoa ukubwa zaidi ya mmoja.

Lakini mzunguko hudanganya. Watu wawili wanaweza kupima 58 wote, mmoja ana komo na kichogo, kichwa kirefu kama papai, mwenzake kichwa cha duara kama chungwa. Helmeti yenye mkanda wa ndani wa duara itambana wa kwanza mbele na nyuma huku panjani unaweza kupitisha kidole. Yenye mkanda mrefu mwembamba itambana wa pili panjani. Wote wawili watahangaika na gurudumu la kisogoni wakitafuta nafuu, nalo halitawapa, kwa kuwa gurudumu hubadilisha ukubwa tu, umbo linabaki lilelile. Ndiyo maana helmeti anayoisifia rafiki yako inaweza kukutesa wewe kwa siku moja.

Kulijua umbo lako hakuhitaji mtaalamu. Kata sentimita 70 za waya wa umeme wa nyumbani, ule mgumu wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, ukiwa na plastiki yake. Uzungushe palepale ulipopitisha futikamba, ncha zikutane juu ya sikio moja, kisha uubonyeze ufuate kichwa kilivyo. Utoe kwa kufungua ncha kidogo, urudishe zilipokuwa, ulaze kwenye karatasi na uchore ndani yake. Mchoro huo ukate, nenda nao dukani, geuza helmeti, legeza mkanda wa ndani mpaka mwisho na uweke karatasi humo. Utaona mara moja ni wapi patabana na wapi patabaki uwazi. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae.

Watengenezaji wengine wamelifanyia kazi tatizo hili. Helmeti za Vertex na Strato za Petzl, kampuni ya Ufaransa, kwa mfano, zina magurudumu mawili madogo, moja kila upande, yanayovuta mkanda sawasawa ili kichwa kibaki katikati ya gamba. Penye gurudumu moja la nyuma, kukaza huweza kusukuma kichwa mbele, na mwenye komo ndiye hulipia.

Halafu kuna nywele. Fundo la dredi au rasta zilizokusanywa utosini huinua helmeti kama kigoda, ikawa imekaa juu ya nywele badala ya kichwa. Zikusanye chini, kisogoni, zitokee chini ya gurudumu la kukazia. Anayevaa hijabu atumie ya ndani iliyo nyepesi na inayovutika, isiyo na mikunjo, na pini zisipite popote chini ya mkanda wa kichwa, kwani tawi likigonga, pini huwa ya kwanza kuingia. Mzura wa sufu, ambao Kenya wanauita marvini, ni kishawishi kikubwa kwenye mashamba ya miti ya nyanda za juu kama Sao Hill kule Mufindi, hasa asubuhi za Juni na Julai. Sufu nene huteleza, na ikivuliwa saa nne jua likiwaka, helmeti inabaki pana bila mtu kukumbuka kuikaza upya. Kofia nyembamba ya kitambaa cha kubana, yenye mshono bapa, inatosha.

Soma panapouma

Maumivu ya paji la uso, mstari mmoja mzito juu ya nyusi, mara nyingi ni ya mtu aliyekaza sana kwa sababu helmeti ilikuwa inateleza. Ilikuwa inateleza kwa nini? Tazama sehemu ya nyuma. Kishikio cha kisogoni, kile chenye gurudumu, kinatakiwa kukaa chini ya mwinuko wa kisogo, kikumbatie pale kichwa kinapoanza kuingia shingoni. Kikiwa juu ya mwinuko, hakina pa kushika na huparama juu kila unapoinama. Helmeti nyingi nzuri zina njia ya kukishusha: kivute chini mpaka usikie mlio wa kuingia kwenye tundu la pili au la tatu. Ukishakishusha, utashangaa gurudumu linahitaji mizunguko michache tu na helmeti imetulia. Hili peke yake huponya malalamiko mengi.

Utosi ukiuma, uzito wote umeegemea juu. Huenda mkanda wa kichwa umelegea, na helmeti inaning'inia kwenye mikanda ya utosi peke yake. Huenda sponji ya utosini imechoka, sasa unakalia plastiki. Au urefu wa mikanda ya utosi umewekwa vibaya, maana helmeti nyingi zina vitundu vya kupandisha na kushusha gamba. Shusha sana na ukingo wa mbele utakuziba macho, pandisha sana na helmeti itakuwa kama ndoo juu ya mti. Kipimo cha kukadiria: ukingo wa mbele uwe vidole viwili hivi juu ya nyusi, na ukitazama mbele uuone kwa shida tu.

Hapa pana jambo ambalo watu hulichukulia kama ufundi mbaya wa kiwanda. Kwenye helmeti za mikanda ya ndani, kati ya kichwa na gamba huachwa uwazi wa angalau sentimita 2.5 hivi. Uwazi huo ndio breki. Gamba likigongwa, mikanda hunyooka na gamba hushuka kwenye nafasi hiyo badala ya kugonga fuvu. Anayeweka humo glavu, simu au pakiti ya sigara ameijaza breki yake takataka. Helmeti zenye sponji ngumu nyeupe ndani hufanya kazi kwa njia nyingine: sponji husagika na kumeza nguvu. Ikishasagika hairudi, hata kama gamba la nje linang'aa.

Panja zikiuma na umbo umeshalihakikisha, chunguza miwani. Vipini vinene vya miwani ya kujikinga vikibanwa na mkanda kwa saa sita huacha alama kama ya pete. Tafuta miwani yenye vipini bapa, vyembamba.

Taya na koo zikiuma, mkanda wa kidevu umepewa kazi isiyo yake. Helmeti iliyokukaa hubaki kichwani bila mkanda huo. Mkanda wa kidevu ni wa siku ya ajali.

Maumivu ya shingo ndiyo magumu kuyakamata, kwa sababu huja jioni. Helmeti tupu ya kupandia huwa na gramu 400 hadi 500 hivi. Funga vikinga masikio na wavu wa uso, unakaribia gramu 800 au kupita. Uzito wenyewe shingo huuzoea. Kinachochosha ni uzito ulioegemea upande mmoja. Wavu ukiinuliwa na kuachwa juu, helmeti inavutwa mbele, na misuli ya nyuma ya shingo inashika kazi ya kuirudisha siku nzima, huku mpanda miti anatazama juu muda mwingi kuliko fundi yeyote wa ujenzi. Usikaze gurudumu kujibu mvuto huo, utaambulia kichwa kuuma tu. Telezesha helmeti nyuma kidogo kwenye reli zake kama inazo, tumia wavu mwepesi wa nailoni, na vikinga masikio visipotumika vigeuzie nyuma vipate kusawazisha mbele. Kama kuna tochi ya kichwa, ivue mchana.

Kuifunga hatua kwa hatua

Legeza kila kitu kwanza. Vaa, sawazisha ukingo, kaza gurudumu mpaka uhisi mguso sawa pande zote, kisha ongeza mlio mmoja au miwili, basi. Shika gamba ulitikise kushoto na kulia: ngozi ya paji la uso inatakiwa isogee pamoja nalo. Ngozi ikibaki na gamba likizunguka, bado imelegea.

Bila kufunga kidevu, inama mpaka uso utazame vidole vya miguu, utikise kichwa kama unayekataa. Helmeti ibaki. Ikianguka, rudi kwenye kishikio cha kisogo. Ikibaki, ndipo ushughulikie mkanda wa kidevu: pande zote mbili mkanda wa mbele na wa nyuma vikutane chini kidogo ya ndewe la sikio, bila kuligusa sikio lenyewe. Wengi huacha kikutanio hicho kikiwa shavuni, mkanda wa nyuma ukiwa umelegea. Ukilegea huo wa nyuma, helmeti inaweza kusukumwa kutoka kisogoni ikaanguka mbele hata kama kidevu kimebanwa. Jaribu mwenyewe: funga klipu, weka viganja nyuma ya ukingo na usukume juu na mbele kwa nguvu. Macho yakizibwa, kaza mkanda wa nyuma. Chini ya kidevu kibaki kidole kimoja, na uweze kupiga mwayo.

Kisha tazama juu kabisa kama unayetafuta tawi la kurushia kamba. Ukingo wa nyuma usiguse shingo wala kola, na mikono ya vikinga masikio isigonge mabega. Helmeti ya ujenzi yenye ukingo mrefu wa mbele hukataa hapa: inakuficha tawi lililo juu yako.

Usilipe bado. Kaa nayo dakika 20, ikiwezekana na vikinga masikio vikiwa vimefungwa. Ukiivua, pitisha kidole kuzunguka kichwa. Vitabu vya wenzetu huzungumzia alama nyekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, kidole ndicho kinachosoma. Bonde jepesi lililo sawa kuzunguka kichwa ni dalili njema. Shimo moja lenye kina, lenye kuwasha, halitapona kwa kuzoea.

Mkanda wa kidevu na namba zilizo ndani ya gamba

Geuza helmeti mbili zinazofanana kama pacha, moja inaweza kuwa imeandikwa EN 397 na nyingine EN 12492. Zote ni viwango vya Ulaya, ila havikuandikwa kwa ajili ya mtu mmoja. EN 397 ni ya viwandani na ujenzi. Kifungio chake cha kidevu kinatakiwa kiachie kikivutwa kwa nguvu kati ya newtoni 150 na 250, karibu na uzito wa kilo 15 hadi 25, ili helmeti ikinaswa na kitu isimnyonge aliyeivaa. EN 12492 ni ya wapanda milima na inataka kinyume chake: mkanda uhimili newtoni 500, kama kilo 50, ili helmeti isimtoke mtu anayeanguka kabla hajamaliza kugongwa.

Majaribio ya kugonga nayo yanatofautiana. Helmeti ya EN 397 huangushiwa chuma cha kilo 5 kutoka mita 1, utosini. Ya EN 12492 huangushiwa kilo 5 kutoka mita 2 utosini, halafu hugongwa mbele, nyuma na pembeni kutoka nusu mita. Sasa fikiria mpanda mti aliyeteleza. Yuko kwenye kamba, hafiki chini, anabembea na kuupiga mti kwa upande wa kichwa. Anahitaji helmeti iliyojaribiwa ubavuni na mkanda usioachia. Mwenzake wa chini, anayevuta matawi yaliyokatwa, hatari yake inatoka juu, na mkanda unaoachia unamfaa. Kwa helmeti za Kimarekani, alama ni ANSI Z89.1: aina ya I kwa ajili ya pigo la utosini, aina ya II kwa utosini na pembeni. Baadhi ya helmeti, zikiwemo hizo za Petzl nilizotaja, zina klipu inayogeuzwa kati ya nguvu kubwa na ndogo. Nzuri kwa anayepanda asubuhi na kuvuta matawi mchana, alimradi akumbuke kuigeuza.

Hizo namba zisikupe kiburi. Kilo 5 kutoka mita 1 ni kama joule 49, joule ikiwa kipimo cha nishati ya pigo. Dafu la kilo 1.5 likidondoka mita 15 linafika na joule 220. Mnazi haujui kiwango cha Ulaya. Helmeti ni ya kijiti kilichoponyoka, ya kichwa kilichojigonga tawini, ya msumeno wa mkono ulioteleza kutoka kwa aliye juu. Kusimama chini ya anayekata bado ni kosa.

Umeme nao una mtego wake. Helmeti zenye matundu ya hewa ni raha kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, lakini matundu huondoa kinga ya umeme. Zilizozibwa na kuandikwa EN 50365 mara nyingi huwa zimejaribiwa kwa matumizi ya hadi volti 1,000. Nyaya zinazopita kwenye matawi ya barabarani zinaweza kuwa za volti 11,000 au 33,000. Hakuna helmeti ya kukuvusha hapo. Shirika la umeme likate kwanza, ndipo kazi ianze.

Masikio na macho

Msumeno wa mnyororo wa petroli hupita desibeli 100 sikioni mwa anayeushika, kwa hiyo vikinga masikio si pambo. Matatizo huanza pale kikinga cha chapa moja kinapolazimishwa kwenye helmeti ya chapa nyingine. Kitaingia kwenye tundu la pembeni, ndiyo, lakini mkono wake huenda ukaegemea gamba na kuinua helmeti upande mmoja, au kikombe kikabaki na mwanya chini ya sikio. Nunua vile ambavyo mtengenezaji wa helmeti amevitaja. Kikombe kifunike sikio lote, nywele na kingo za kitambaa zitoke chini yake, na mkanda wa kidevu ulale bapa bila kujisokota, maana kila unene chini ya sponji ya kikombe ni mlango wa kelele. Kwa mwenye suka nene, viziba vya kuingiza sikioni mara nyingi hufanya kazi nzuri zaidi.

Wavu huzuia vipande vya mbao na fito zinazorudi usoni, haushiki mvuke kama plastiki, ila unga wa msumeno unapita. Miwani ivaliwe chini yake.

Jasho, jua na mtumba

Kitambaa cha jasho kikishiba chumvi hukauka kama kadibodi, na watu huanza kudhani helmeti imebadilika. Kuwa na viwili: kimoja kichwani, kimoja kimefuliwa kwa sabuni ya kawaida kikianikwa kivulini. Gamba lioshwe kwa maji na sabuni tu. Petroli, tina na rangi huweza kulidhoofisha plastiki bila kuonyesha ufa, na hata kuandika jina kwa kalamu ya wino mzito au kubandika stika kunahitaji ruhusa ya maelekezo ya kiwanda. Usiiache kwenye dashibodi ya gari.

Tarehe ya kutengenezwa imepigwa ndani ya gamba, mara nyingi ni duara lenye namba za miezi na mshale, mwaka ukiwa katikati. Kwa helmeti za plastiki za Petzl na Kask ukomo ni miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama ilikaa stoo, na chapa nyingine hutoa muda mfupi zaidi. Jua la kwetu halisubiri ukomo huo. Gamba lililopauka, linaloacha unga mweupe kidoleni kama chaki, limeshaliwa.

Ndiyo sababu helmeti ya mtumba ni kamari. Huijui ilianguka mara ngapi, na sponji iliyosagika imejificha chini ya kitambaa. Helmeti ya bodaboda nayo si mbadala: inaziba masikio usisikie mwenzako akipiga kelele kutoka chini, na joto lake litakufanya uivue kabla ya tawi la tatu. Kwa aliyeajiriwa, kununua si jukumu lake. Sheria ya usalama na afya kazini ya Tanzania ya mwaka 2003 na ile ya Kenya ya 2007 zote zinamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na kifaa kisichomkaa mvaaji ni vigumu kukiita kinachofaa. Mwajiri anayenunua helmeti 20 za umbo moja kwa vichwa 20 aanze na mbili tatu za kujaribia.

Kila wiki shika gamba pembeni kwa viganja viwili, ulibonye kuelekea ndani sentimita moja au mbili, uliachie, huku sikio likiwa karibu. Plastiki nzima hurudi kimya. Ukisikia mlio wa kukatikakatika, hata hafifu, helmeti hiyo imemaliza kazi. Usiitupe hivihivi jalalani wala usimpe mtoto wa jirani. Kata mikanda, toboa gamba kwa msumeno ulio nao mkononi, maana helmeti iliyotupwa ikiwa nzima kesho utaikuta kichwani mwa mtu.